Mkono Ukiwa Juu

Mpwa wangu aliingia dukani kwangu Masasi mwishoni mwa Februari amevaa jaketi la bluu lenye kofia, na nje jua linachoma. Alikuwa amelinunua kwenye mitumba. "Mjomba," akasema, "hili maji hayapiti kabisa. Muuzaji kanimwagia jagi zima mgongoni, ndani pakavu."

Sisi Wamakonde tunafuata upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yangu ni wangu kumlea na kumwangalizia njia. Njia aliyoichagua mwenyewe ni ya Moshi: mwezi wa sita anakwenda kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro. Kule mpagazi huitwa mgumu. Nami nilikuwa mgumu misimu sita kabla sijarudi kusini na kukaa kwenye cherehani. Safari yangu ya kwanza nilipanda na koti nililopewa na aliyeniajiri, la nailoni nyepesi, limefumuka kwapani. Mvua ilitushika msituni, tukafika kambini nguo zote zimelowa. Usiku baridi iliposhuka nilitetemeka mpaka kutetemeka kukakoma, na wenzangu waliponiona nimetulia ndipo walipoogopa. Mwili uliopoa ukiacha kutetemeka, umeishiwa nguvu ya kujipasha moto. Walinivua, wakanivika nguo kavu, wakanilaza katikati yao, wakaninywesha uji. Maji huuibia mwili joto kwa kasi inayozidi ile ya hewa mara ishirini na zaidi, ndiyo maana mtu aliyelowa anaweza kufa kwa baridi hata mahali pasipo na barafu.

Kwa hiyo lile jagi halikuniridhisha. Nikamwambia tulipime jaketi lake kwa miguu, kutoka Masasi hadi Newala, siku tatu, katikati ya Machi. Huku kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na Machi mbingu haina huruma.

Tulichukua makoti matatu. La kwanza ni hilo la bluu. La pili ni langu jekundu la siku za mlimani, zito, la matabaka matatu. La tatu nililishona mwenyewe kwa nailoni ya kufunikia bidhaa sokoni: shimo la kichwa, pande mbili za kuning'inia, basi. Tulibeba pia kiroba cha mchele cha kilo kumi na tano na rundo la magazeti ya zamani. Magazeti ndiyo yaliyokuwa mashahidi wetu. Vipande vyake tulivibana kwa pini juu ya fulana, mabegani, mgongoni, kwenye viwiko na kwapani, kisha koti likavaliwa juu yake. Gazeti lililolowa halidanganyi, ila lina tatizo moja: halisemi kama kilicholilowesha ni mvua au jasho. Hilo nililitatua kwa ulimi. Maji ya mvua hayana ladha. Jasho lina chumvi.

Siku ya kwanza tulitoka mjini asubuhi, tukaiacha nyuma milima ya mawe ya Masasi. Aliyeiona milima hiyo wakati wa mvua haisahau: miamba mitupu imesimama peke yake juu ya tambarare, na maji yanaporomoka juu ya jiwe jeusi mpaka linang'aa kama limepakwa mafuta. Chini ya mmoja wao, Mtandi, lipo kanisa kuu la Waanglikana, ambao misheni yao ilifika Masasi mwaka 1876. Mvua ilitukuta saa nane mchana. Mpwa wangu alikuwa na lile la nailoni, mimi nina jekundu, na la bluu tumelikunja ndani ya mfuko. Nailoni haikupitisha tone. Lakini tulipopumzika kwenye kibanda cha kuuzia mihogo, fulana yake niliikamua ndani ya kikombe, na kikombe kikafika nusu. Nikaonja. Chumvi tupu. Alikuwa amelowa kama ambaye hakuvaa kitu, tofauti ni kwamba maji yalikuwa yake mwenyewe.

Hili ndilo ambalo wauzaji hawalisemi. Kuzuia maji si kazi ngumu, binadamu aliiweza zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kubandika vitambaa viwili kwa mpira ulioyeyushwa katikati, na makoti ya namna hiyo yakaenea Uingereza nzima. Nikiifikiria habari hiyo naukumbuka uwanda wetu wa Makonde, kwa sababu karne hiyo ilipokaribia kwisha, mpira wa mwitu ulichumwa humuhumu kwenye vichaka vya Umakonde. Watu waligema utomvu wa mimea inayotambaa juu ya miti, wakaufanya madonge, na wafanyabiashara wakayapeleka Lindi na Mikindani kupakiwa majahazini. Viwanda vya ng'ambo viliutaka mpira kwa kila kitu, makoti yakiwemo. Babu zetu waliougema walitembea mvuani vifua wazi.

Koti la mpira lilizuia mvua na kufungia jasho ndani. Dawa ya ugonjwa huo ilichelewa mpaka mwaka 1969, Mmarekani Bob Gore alipovuta kwa ghafla plastiki moja iliyopashwa moto na kuona inarefuka badala ya kukatika. Iliporefuka ilijaa vitundu vidogo mno, tone la maji haliingii, lakini mvuke wa jasho unatoka. Utando wa aina hiyo, au wa jamaa zake, ndio uliofichwa kati ya matabaka ya jaketi langu jekundu. Juu ya kitambaa cha nje hupakwa dawa inayoyafanya maji yakusanyike kuwa shanga na kubingirika, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi. Dawa hiyo huchakaa. Ikichakaa kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na baridi, na mvuke unakosa pa kutokea. Mvaaji hudhani koti limevuja, kumbe jasho limegoma kutoka.

Siku ya pili jua na mvua vilipokezana, nikavaa jekundu mchana kutwa. Jioni, tulipofika upande wa Lulindi, nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Mpwa wangu akashangaa: koti la gharama, na limeshindwa? Halikushindwa. Mvuke husafiri kutoka penye joto na unyevu kwenda penye baridi na ukavu, na Machi chini ya uwanda wetu hewa ya nje ina joto na unyevu karibu sawa na iliyo ndani ya koti. Mvuke utakimbilia wapi? Mlimani hali ni nyingine, kwa kuwa kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi sita, na kileleni Uhuru ni mita 5,895. Koti lililonipika Lulindi lilinilinda kambi zote za juu. Kwa hiyo huku nyumbani unaweza kupima kuvuja kwa uhakika, lakini kupumua kwa koti huwezi kukuhukumu kwa haki.

Asubuhi yake tulimkuta bibi mmoja shambani kwake, mvua inanyesha, anapalilia. Alikuwa amechukua kiroba kitupu, akasukuma pembe moja ya chini ndani ya nyingine mpaka ikawa kofia, akakivaa kichwani kikamfunika mgongo hadi kiunoni. Mbele wazi. Tulimwamkia, akatuitikia marahaba, akayatazama makoti yetu kwa huruma. "Wajukuu, hamsikii joto?" Nilimwomba nishike kanga yake mgongoni. Kavu. Kwa mtu anayeinama kulima saa mbili kwenye mvua ya vuguvugu, na nyumbani si mbali, sijaona vazi linalokishinda kiroba kile. Kinazuia maji yanapoangukia, na penginepo pote upepo unapita.

Siku hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa siku ya la bluu. Kutoka bondeni njia inapanda ukingo wa uwanda, mwinuko mkali, udongo unateleza. Newala haifiki mita 1,000, lakini pale ukingoni ukungu hukaa asubuhi na upepo unaotoka bonde la Ruvuma hauna kizuizi. Nilimbandika mpwa wangu magazeti, nikamwekea kata kichwani na kiroba cha mchele juu yake, mkono wa kulia umekishikilia. Hivyo ndivyo wagumu wengi wabebavyo. Sheria ya hifadhi ya Kilimanjaro inaruhusu mzigo wa hadi kilo 20, na mzigo huo mara nyingi hukaa kichwani au shingoni, mkono juu.

Tulipanda kwa zaidi ya saa mbili kwenye mvua isiyokatika. Tulipofika Newala tulikwenda moja kwa moja hadi Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na macho yanashuka mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Siku hiyo hatukuona kitu isipokuwa weupe. Tukajibanza chini ya bati, akavua, tukasoma magazeti.

Mgongoni: unyevunyevu, chumvi. Begani kushoto: makavu. Kiwiko cha kulia: gazeti limekuwa uji. Kwapani kulia vilevile. Nikaonja, halina ladha. Maji yalikuwa yameingilia kwenye mkono wa jaketi. Ukinyanyua mkono, tundu la mkono wa koti linageuka mfereji: mvua inaingia kifundoni, inashuka kiwikoni, inaishia kwapani na ubavuni, karibu na moyo. Makoti haya yamebuniwa kwa ajili ya mtalii anayetembea na begi mgongoni na fimbo mbili, mikono chini. Anayembebea mtalii huyo chakula na hema hakufikiriwa mkono wa koti ulipokuwa unakatwa. Jambo hili linaniuma, maana nimeishi na ubavu uliolowa misimu sita nikidhani ni bahati yangu mbaya.

Begani napo tuliona dalili. Kwenye lebo ya ndani ya lile la bluu imeandikwa milimita 10,000. Maana yake kiwandani kitambaa kilistahimili uzito wa maji ya kimo cha mita 10 kabla hakijapenya, na hicho ni kipimo kizuri. Lakini utepe uliobandikwa juu ya mshono wa bega la kulia ulianza kubanduka. Sindano ikipita, tundu limebaki, na utepe ndio unaoliziba. Unaponunua mitumba, ligeuze koti ndani nje kwanza. Pitisha kidole kwenye kila utepe. Ukiona ndani kunabanduka magamba meupe, au kunanata na kunuka, liache hata kama rangi ya nje inang'aa, kwani utando umeoza kwa joto na unyevu na hakuna fundi wa kuufufua. Dawa ya nje iliyochoka ina nafuu: lifue koti kwa sabuni isiyo na dawa ya kulainisha, lisuuze sana, likikauka lipige pasi ya moto mdogo huku umetanguliza kitambaa. Mara nyingi shanga za maji hurudi. Na asiye na uwezo wa kununua asipande bila kitu. Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, nao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo.

Tuliporudi Masasi nilibandika upya utepe wa bega kwa pasi. Kuhusu mkono wa koti nilifikiri siku mbili. Mwishowe nilichukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata pete mbili za upana wa vidole vitatu, nikazishona kwenye pindo la ndani la kila mkono, sindano isitoboe kitambaa cha nje. Pete inakumbatia kifundo bila kuzuia damu.

Wiki ya kwanza ya Aprili mvua ikaja kubwa. Nikambandika magazeti tena, nikamtwisha kiroba, akazunguka uwanja wa nyuma ya duka saa nzima mkono ukiwa juu, watoto wa jirani wakimhesabia mizunguko. Alipovua, gazeti la kiwiko lilikuwa likisomeka. La kwapani lilikuwa na unyevu. Hakunisubiri, alilibandua mwenyewe akaligusisha ulimini.

"Chumvi, mjomba."