Kupanga Ratiba ya Filamu Kando ya Ziwa Mweru (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona namna muswada unavyochambuliwa: kila sini huandikiwa wahusika wake, mahali pake, vifaa vyake, na kama ni ya mchana au ya usiku. Leo tunapanga siku zenyewe, na tutazipangia mahali halisi: Nchelenge, mkoa wa Luapula nchini Zambia, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Mweru. Tuseme tunatengeneza filamu ya dakika 90 kuhusu familia ya wavuvi.

Hesabu ya mwanzo ni nyepesi. Kwa makadirio ya kawaida, ukurasa mmoja wa muswada hutoa dakika moja ya filamu, na kikosi kidogo chenye nidhamu humaliza kurasa nne kwa siku. Kurasa 90 basi ni siku 23 za kazi. Mkipumzika siku moja kila juma, ni karibu wiki nne. Watayarishaji wengi huishia hapo, wakachagua mwezi ambao fedha zimepatikana na waigizaji wana nafasi. Kosa hilo huiharibu filamu kabla kamera haijawashwa, kwa sababu ziwa lina kalenda zake.

Kalenda ya kwanza ni ya uvuvi. Zambia hufunga uvuvi wa Mweru kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo nayo ni ya mvua, ambazo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Filamu yetu inabaki na Mei hadi Oktoba. Kuelekea mwisho wa kiangazi, moshi wa moto wa nyika hutanda na kufifisha upeo wa macho. Mwishoni mwa Julai umati humiminika Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, kwa sherehe ya Umutomboko ya chifu Mwata Kazembe. Si wakati wa kutafuta magari na vyumba vya kulala wageni. Kwa hiyo Mei na Juni ndiyo miezi ya kuilenga.

Kalenda ya pili ni ya mwezi wa angani, na hii ndiyo inayoamua mambo. Chisense, samaki wadogo wa Mweru wanaofanana na dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, kama wanavyojua pia wavuvi wa Kigoma na Mwanza. Awamu za mwezi hujirudia kila siku 29 na nusu. Kazi yetu ni ya wiki nne. Maana yake tunapata giza moja tu, yaani kipindi kimoja cha usiku bila mbalamwezi. Likitupita, ama tungoje mwezi mwingine huku kikosi kizima kikila na kulipwa, ama tuigize uvuvi ambao mtazamaji wa kando ya Mweru atautambua mara moja kuwa ni wa uongo.

Kwa sababu hiyo ratiba haianzi na sini ya kwanza ya muswada. Inaanza na usiku wa giza. Panga tarehe ya kuanza kazi ili giza liangukie katikati ya wiki nne: likija mapema zaidi, kikosi hakijazoeana; likija mwishoni kabisa, hakuna akiba. Sini zote za usiku ziwekwe mfululizo, kisha siku ya mapumziko, kwa kuwa mtu aliyekesha majini hawezi kuamkia kazi ya asubuhi.

Kalenda ya tatu ni ya jua. Nchelenge inatazama magharibi, kuelekea ng'ambo upande wa Congo. Mashua zinazoondoka jioni zinaonekana kama vivuli mbele ya jua linalozama, na zinaporudi alfajiri jua huwapiga wavuvi usoni. Mwanga huo laini hukaa chini ya saa moja. Kwa hiyo asubuhi moja au jioni moja ibebe sini moja fupi ya namna hiyo, iliyofanyiwa mazoezi mchana.

Linabaki suala la dharura. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga picha za filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, Congo, kisha Uganda. Watu wengi wa kikosi waliugua, mwigizaji Katharine Hepburn akiwa miongoni mwao, na mashua iliyotumika katika filamu iliwahi kuzama. Sini za waigizaji wakiwa ndani ya maji zilipigwa baadaye studioni London. Wao walikuwa na studio ya kukimbilia; sisi tuna ratiba tu. Nchelenge ni eneo lenye malaria nyingi mwaka mzima, basi vyandarua, dawa na siku mbili tatu za akiba ziingizwe tangu mwanzo. Tena, kila siku ya ziwani iwe na sini ya ndani ya nyumba, ya waigizaji walewale, iliyo tayari. Upepo ukichafua maji, kikosi kinahamia ndani na siku haipotei.

Vijana wenye kamera wa Nchelenge na Kashikishi, na ninyi wa Kilwa na Pweto upande wa Congo: kabla hamjaandika tarehe hata moja, ketini na wavuvi muwaulize giza litaanza lini na upepo huvuma saa ngapi. Ratiba itakayotokana na majibu yao ndiyo itakayowafikisha mwisho wa filamu.