Ngumi Huanzia Kisiginoni

Simama karibu na ukuta, ukae gado kama bondia anayetumia mkono wa kulia: mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, magoti yamelegea kidogo. Kikanyage chini kisigino cha nyuma, kisha nyoosha mkono wa kulia taratibu kuelekea ukutani. Rekebisha umbali mpaka ngumi ibakize inchi chache kugusa. Sasa, bila kuinama wala kupiga hatua, nyanyua kisigino hicho na ukigeuze kwenda nje, goti liingie ndani, nyonga ifuate. Ngumi itagusa ukuta. Mkono haukurefuka; nyonga na bega vimepata nafasi ambayo kisigino kilichoganda sakafuni kilikuwa kimevinyima.

Urefu huo ni faida ndogo. Faida kubwa ni uzito wa konde. Miaka ya 1980 watafiti wa Kisovieti walichapisha vipimo vya mabondia wa ngazi mbalimbali. Kwa wale waliobobea, miguu ilichangia takriban asilimia 38 ya nguvu ya ngumi na mkono takriban asilimia 24, sehemu iliyobaki ikitoka kiwiliwilini. Kwa chipukizi hesabu iligeuka: mkono karibu 38, miguu kama 16 tu. Kwa maneno mengine, anayejifunza ngumi anajifunza kuitoa kazi mkononi na kuishusha miguuni.

Inashukaje? Tulitazame konde la kulia lililonyooka. Kinachotangulia ni msukumo. Sehemu ya mbele ya wayo wa nyuma, pale chini ya vidole, inausukuma ulingo, nao ulingo unaurudisha msukumo huo mwilini. Goti la nyuma linaingia ndani na kuipeleka nyonga mbele. Nyonga inakizungusha kiwiliwili, bega linafuata, na mkono unatoka mwisho kabisa, ukiwa umelegea mpaka karibu na kugusa, ndipo vidole vinabana. Kisigino kinageuka kwa sababu nyonga imepita.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kocha anapaza sauti, “Geuza mguu!” na kijana anaugeuza kweli, anausokota wayo kama anayefuta mavi ya kuku kwenye kandambili, huku kiuno kimelala. Mguu umezunguka, ngumi bado ni ya mkono mtupu. Mimi ningependa makocha waseme “sukuma nyonga” na kisigino wakiache kijipeleke chenyewe.

Mguu wa mbele hausemwi sana, ingawa bila huo msukumo wote hauna pa kuishia. Upande wa kulia unapokuja kwa kasi, mguu wa kushoto unatakiwa ukaze na kuuzuia mwili usipitilize, ili mwendo uhamie kwenye ngumi. Goti la mbele likilegea, kichwa kinavuka vidole vya mguu na bondia anajikuta amempelekea mpinzani kidevu. Na konde likishatoka, kisigino lazima kirudi pamoja na mkono. Anayeuvuta mkono na kuusahau mguu anabaki amejipinda, na ngumi yake ya pili haina pa kuanzia.

Kuna sababu nyingine ya kuuzungusha wayo, nayo ni ya kiafya. Goti limeumbwa zaidi kwa kukunja na kukunjua, halipendi kusokotwa. Wayo uking'ang'ania sakafu wakati kiuno kinazunguka, msokoto wote unaangukia gotini. Vijana wanaofanya mazoezi kwenye saruji, tena kwa raba za kukimbilia zenye soli ya kushika, wako hatarini zaidi kuliko wenye viatu vya ngumi, ambavyo soli yake ni nyembamba na bapa.

Lakini si kila ngumi inadai mguu uzunguke. Ile ya kudonoa ya mkono wa mbele huenda na hatua fupi, mguu wa mbele ukiteleza kidogo juu ya sakafu. Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919, aliandika kitabu mwaka 1950 akisisitiza jambo hilo: mwili uangukie mbele kwa hatua, na ngumi ifike kabla uzito haujatua kwenye wayo. Ngumi ya kuzungusha ya mkono wa mbele ndiyo inayowagawa makocha. Wapo wanaotaka kisigino cha mbele kitoke nje, uzito ukirudi mguu wa nyuma. Wengine wanataka wayo ukae bapa, nyonga peke yake izunguke, hasa mkiwa mmebanana. Nadhani umbali ndio uamue. Ukiwa mbali kidogo, zungusha. Ukiwa kifuani pa mtu, huna nafasi wala muda.

Mzunguko huo huo wa mguu wa mbele una kazi ya pili, ya kuhama njia. Bondia anaupigilia wayo wa mbele, anaufagiza wa nyuma, na ghafla yuko ubavuni mwa mpinzani. Vasyl Lomachenko wa Ukraine, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, amejijengea jina kwa mbinu hiyo. Baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wake, alimpeleka kwanza akajifunze ngoma za asili za kwao.

Miguu ina gharama yake pia. Kinshasa, 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali aliingia ulingoni dhidi ya George Foreman, na wengi walitarajia angemkimbia usiku kucha. Alieleza baadaye kwamba raundi ya kwanza tu ilimwonyesha anapiga hatua nyingi kuliko Foreman, aliyekuwa akimkatia njia. Angechoka yeye kwanza. Ndiyo maana akaegemea kamba. Watu huikumbuka sana hiyo mbinu ya kamba, wakasahau makonde ya kulia aliyoyatanguliza katika raundi ile ya kwanza, bila kudonoa kwanza kwa kushoto. Konde la namna hiyo lina safari ndefu, na mguu wa nyuma ukichelewa linakugharimu. Raundi ya nane Ali alichomoka kambani, Foreman akageuka kumfuata akiwa hajapata mizani, na makonde yakamkuta katikati ya kugeuka.

Kwa anayejifunza, begi ni mwalimu mwenye hila. Ukilipiga huku unaangukia mbele, linakupokea, na kosa halionekani. Pedi ni nzuri zaidi, ikiwa anayezishika anajua kazi yake: mara moja moja aiondoe pedi konde likiwa njiani. Miguu ikiwa sawa, kijana atapiga hewa na kubaki amesimama gado, tayari kwa ngumi inayofuata. Ikiwa haiko sawa, atapiga hatua ya kujiokoa, na kocha atajua kazi ya wiki hiyo ni ipi.