Wakati kama Sehemu ya Kipimo: Viwango vya Data za Vihisi vya Mazingira katika Mpaka wa Koboko

Wilaya ya Koboko, iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, iko pale ambapo Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Mvua inyeshayo kando ya Mto Kaya haitambui mipaka hiyo, ilhali data zake hukusanywa chini ya nchi tofauti. Makala haya yanaeleza kwa nini namba itokayo kwenye kihisi haifai kushirikiwa mpaka iambatane na wakati ulioandikwa kwa kiwango kimoja.

Saa za Uganda hutangulia saa za ulimwengu (UTC) kwa saa tatu. Za mashariki mwa Kongo hutangulia kwa saa mbili. Sudan Kusini ililingana na Uganda hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Hivyo, "09:00" katika vituo jirani yaweza kuwa nyakati mbili tofauti. Kiswahili nacho kina mtego wake: saa tatu asubuhi ikiandikwa "3:00", kompyuta huielewa kuwa saa tisa usiku.

Athari zake si ndogo. Mvua ya siku hujumlishwa kwa saa 24. Dhoruba iliyonyesha karibu na mwisho wa hesabu ikisogezwa kwa saa moja tu, huingizwa katika siku nyingine. Anayelinganisha mvua na kina cha mto aweza kuona maji yakipanda kabla ya mvua, na onyo la mafuriko litokanalo na data hizo likakosa kuaminika.

Kiwango cha ISO 8601 huondoa utata huo: katika 2024-04-15T06:00:00Z, herufi Z huonyesha kuwa wakati ni wa UTC, yaani saa tatu asubuhi Koboko. ISO 19156 hutenganisha wakati tukio lilipotokea na wakati matokeo yalipopatikana, na hutaka kitajwe kinachopimwa pamoja na njia ya kukipima. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo hukipa kila kituo kitambulisho cha pekee.

Kwa hiyo, saa ya kihisi iwekwe katika UTC tangu siku ya kwanza, na saa za mahali zitumike tu wakati wa kumwonyesha msomaji matokeo. Kihisi kilichoharibika hubadilishwa. Wakati usioandikwa ipasavyo ni vigumu kuurejesha baadaye.