Sungura Aliyepotea: Tarehe za Kukumbukwa za Kampuni ya Disney

Muhula uliopita tulionyeshwa sinema ya The Lion King katika bwalo la shule. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliposikia majina Simba, Rafiki na Pumbaa walishangilia sana, kwani hayo ni maneno yetu wenyewe. Usiku, bwenini, mmoja wao aliniuliza: "Kaka, hivi maneno 'hakuna matata' ni mali ya nani?" Nilicheka, kisha nikaona kwamba sina jibu. Basi nilikwenda maktaba kutafuta habari za kampuni iliyotengeneza sinema ile, nami napenda kuwaeleza wasomaji yale niliyoyapata.

Kampuni ya Disney ilianzishwa tarehe 16 Oktoba, 1923, katika mji wa Los Angeles, Marekani, na ndugu wawili, Walt na Roy Disney. Walt alikuwa mchoraji wa miaka 21, na kampuni aliyokuwa nayo kwanza katika mji wa Kansas City ilikuwa imefilisika mwaka ule ule. Roy, kaka yake, ndiye aliyeshika mambo ya fedha.

Kazi yao ilikuwa sinema za katuni. Sinema ya namna hii hutengenezwa kwa picha nyingi zilizochorwa, kila moja ikitofautiana kidogo tu na iliyotangulia. Zikipitishwa upesi mbele ya taa, picha 24 kwa kila sekunde, jicho hudhani kwamba zinatembea. Kwa hiyo dakika moja tu yahitaji jasho la wachoraji wengi.

Mwaka 1927 walitoa sinema za sungura aitwaye Oswald, naye akapendwa sana. Mwanzoni mwa 1928 Walt alisafiri mpaka New York kumwomba Charles Mintz, mfanyabiashara aliyesimamia sinema hizo, amwongezee malipo. Badala ya nyongeza aliambiwa kwamba atapunguziwa. Tena wachoraji wake wengi walikuwa wamekwisha kuvutwa upande wa pili. Zaidi ya yote, mkataba ulisema kwamba Oswald ni mali ya kampuni ya Universal, si ya Walt. Akarudi kwake mikono mitupu.

Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hapa daftari lilikuwapo, lakini jina lililoandikwa ndani yake halikuwa la mchoraji.

Walt na rafiki yake Ub Iwerks, mchoraji hodari aliyekataa kumwacha, wakabuni mnyama mwingine: panya Mickey Mouse. Tarehe 18 Novemba, 1928, sinema yake iitwayo Steamboat Willie ilionyeshwa New York, ikiwa na sauti na muziki uliokwenda sawa na picha. Safari hii mnyama alikuwa mali ya kampuni yenyewe, na tangu hapo haikukubali tena kuuachia mkono wa mwingine umiliki wa kazi zake.

Tarehe 21 Desemba, 1937, walionyesha Snow White and the Seven Dwarfs, sinema ndefu ya katuni. Wengi walikuwa wamebeza kwamba hakuna atakayekaa kitini muda wote huo kutazama michoro. Walioibeza walinyamaza, kwani sinema hiyo ilileta fedha nyingi. Lakini mwaka 1941 wachoraji wa kampuni waligoma, wakidai malipo bora, majina yao yaonyeshwe katika sinema, na chama chao kitambuliwe. Yule aliyedhulumiwa jana aliulizwa leo juu ya haki za wengine.

Tarehe 17 Julai, 1955, Walt alifungua bustani ya michezo ya Disneyland, California, mahali pa wazazi kufurahi pamoja na watoto wao. Alifariki tarehe 15 Desemba, 1966. Roy, ingawa alikuwa mzee aliyetaka kupumzika, alibaki kazini mpaka bustani ya pili ilipofunguliwa Florida tarehe 1 Oktoba, 1971. Aliipa jina la mdogo wake, Walt Disney World, naye akafariki Desemba ya mwaka huo huo.

Sasa twafika kwetu Afrika. The Lion King ilitolewa Juni 1994. Mwaka huo huo kampuni iliomba "Hakuna Matata" iandikishwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema neno. Humzuia mfanyabiashara mwingine kulitumia katika bidhaa za namna ile. Hata hivyo, mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi kupinga jambo hilo. Maneno hayo yalikuwa vinywani mwetu zamani, na kundi la Them Mushrooms la Kenya liliyaimba katika "Jambo Bwana" mwaka 1982.

Katika sinema hiyo umo pia wimbo uliotokana na "Mbube", alioutunga Solomon Linda wa Afrika Kusini na kuurekodi mwaka 1939. Wimbo ulizunguka dunia, lakini mtunzi alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 2004 jamaa zake walikwenda mahakamani, na Februari 2006 kesi ikaisha kwa mapatano na malipo. Ajabu ni kwamba mwezi huo huo kampuni ya Disney ilimpata tena Oswald, baada ya miaka 78.

Tarehe 1 Januari, 2024, muda wa hakimiliki ya Steamboat Willie ulikwisha Marekani. Panya yule wa kwanza sasa ni wa kila mtu huko.

Baba yangu mdogo hutunga nyimbo za harusi. Mwaka jana tulisikia wimbo wake ukiuzwa na mtu mwingine, naye hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Likizo hii nitakaa naye tuandike katika daftari jina la kila wimbo, tarehe, na mahali ulipoimbwa kwanza, kisha twende kuziandikisha.

Na kwa mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza, jibu ni hili: lugha ni mali ya wote waisemao, lakini kazi uliyoitunga ni yako. Anza leo kuandika jina lako chini yake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne