Neno la Leo: Karati

Ndugu msomaji, chukua kalamu na daftari. Leo tusome neno moja la Kiingereza ambalo hapa Ushirombo tunalisikia kila siku, lakini wengi wetu tukiambiwa tunaitikia tu kwa kichwa.

Waingereza huandika carat. Herufi ya kwanza ni C, lakini husomwa kama K. Wamarekani, wakizungumzia dhahabu, huandika karat. Ndiyo maana pete nyingine zina alama ya 18K kwa ndani.

Neno hili lina maana mbili, na hapo ndipo watu hupotea.

Maana ya kwanza ni uzito wa almasi. Karati 5 ni gramu 1. Mwaka 1947 huko Mwadui ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Gawanya kwa 5 uone: gramu 10.9 tu! Akapewa Elizabeth wa Uingereza, zawadi ya harusi.

Maana ya pili siyo uzito hata kidogo. Ni usafi wa dhahabu. Dhahabu tupu ni karati 24. Ikiwa ni karati 18, basi katika mafungu 24, mafungu 18 ndiyo dhahabu. Yale 6 ni fedha, shaba au kitu kingine.

(Sisi tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, wenye almasi, hadi mwaka 2012 tukaingia Mkoa mpya wa Geita, wenye dhahabu. Maana zote mbili zinatuhusu.)

Sasa hesabu. Mchimbaji ana gramu 10. Mnunuzi anasema, "Mzee, hii ni karati 18." Zidisha 10 kwa 18, gawanya kwa 24. Unapata 7.5. Hizo ndizo gramu za dhahabu tupu atakazolipia. Kumbe mzigo ni karati 21! Hapo jibu ni 8.75. Gramu moja na robo imekwenda hivi hivi.

Kwa hiyo usiulize gramu peke yake. Mizani haijui karati. Uliza, "Karati ngapi, na umepimaje?" Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hupimwa vyote viwili, uzito na usafi. Ukiona usafi umeandikwa kwa asilimia, usishtuke: 87.5 ndiyo karati 21, na 75 ndiyo karati 18.

Jaribu mwenyewe: gramu 12 za karati 20 zina dhahabu tupu kiasi gani?

Jibu: gramu 10.