Kura ya Asiye na Anwani: Familia za Mitaani na Sajili ya Wapigakura Nchini Kenya

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 haimtaki mpigakura awe na nyumba. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kusajiliwa na kupiga kura ya siri bila vikwazo visivyo vya busara, na Kifungu cha 83, kinapotaja sifa za anayestahili kusajiliwa, kinaridhika na mambo matatu tu: awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Hapakutajwa mlango, nambari ya ploti wala sanduku la posta. Kwa hiyo mtu anayelala kwenye baraza ya duka mjini Nairobi ana kura yenye uzito uleule wa kura ya mwenye jumba la ghorofa, na jambo linalopasa kuchunguzwa ni kwa nini njia ya kuifikia kura hiyo imekuwa ndefu na yenye miiba kiasi kile.

Watu wanaohusika si wachache. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 iliwahesabu watu 46,639, wakiwemo 15,337 wa Nairobi na 7,529 wa Mombasa. Istilahi ya familia za mitaani inajumuisha watoto wanaozurura wakiwa peke yao, vijana wanaookota plastiki na vyuma chakavu, watu wazima, na hata kaya nzima ambazo zimeona vizazi viwili au vitatu vikizaliwa barabarani. Ni kweli kwamba si wote waliohesabiwa waliokuwa na umri wa kupiga kura, lakini mtoto aliyekuwa na miaka 9 wakati ule atakuwa ametimiza 18 ifikapo mwaka 2027, na mtaa hausubiri mtu akue ndipo umnyime karatasi.

Karatasi ndiyo kiini cha tatizo. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011, katika kifungu chake cha 5, inataka umri wa anayeomba kusajiliwa uthibitishwe kwa kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya, na kwa kuwa pasipoti ni ndoto kwa maskini, kitambulisho kinabaki kuwa lango la pekee. Sharti hilo lina mantiki yake, kwani taifa lililowahi kuumizwa na uchaguzi wenye utata lina haki ya kutaka kujua anayepiga kura ni nani. Ila kitambulisho nacho hakipatikani kivyake: mwombaji huombwa cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na uthibitisho wa chifu au naibu wake, yaani afisa wa utawala wa serikali kuu katika ngazi ya lokesheni, ambaye hutazamiwa kuwafahamu wakazi wa eneo lake. Kila hatua ya mnyororo huo inadhania kwamba mwombaji ana wazazi wanaojulikana waliko, kijiji kinachomtambua, na mahali pa kuhifadhia nyaraka. Aliyezaliwa na mama wa mtaani ambaye mwenyewe hakuwahi kuwa na kitambulisho hukwama tangu hatua ya kwanza, na mwanawe atakwama vilevile, hata kukosa karatasi kukawa urithi.

Mazoea haya ya kumtazama mtu kupitia mahali anapodhaniwa kuwa ni pake yana historia ndefu kuliko jamhuri yenyewe. Mnamo mwaka 1898 utawala wa Uingereza katika himaya ya Afrika Mashariki ulitunga kanuni za uzururaji zilizoruhusu kukamatwa kwa mtu aliyekutwa akitangatanga bila kazi wala njia dhahiri ya kujikimu. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ikawalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, ili mfanyakazi aliyemtoroka mwajiri aweze kusakwa na kurudishwa. Uhuru haukuifuta mara moja fikra hiyo. Sheria ya Uzururaji ilibaki katika vitabu vya Kenya hadi ilipobatilishwa mwaka 1997. Kwa takriban karne nzima, basi, dola ilikuwa na utaratibu kamili wa kumkamata asiye na makao, na haikuwa na utaratibu wowote wa kumsikiliza.

Hata anayefanikiwa kupata kitambulisho huishi akiwa hatarini kukipoteza. Mtu asiye na kabati huweka nyaraka zake mfukoni au ndani ya gunia analolifanya mto, na mvua moja, mwizi mmoja au msako mmoja wa askari wa kaunti unatosha kuziangamiza. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu siku ya kupiga kura mpigakura hudaiwa kuonyesha stakabadhi ileile aliyojisajilia, na kukipata kitambulisho kingine humrudisha kwenye foleni na maswali yaliyokwisha kumchosha.

Huenda ikadaiwa kwamba tume ya uchaguzi haiwezi kumfuata kila raia alipo. Dai hilo linadhoofishwa na mfano wa magereza. Kabla ya kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti 2010, mahakama ya muda ya kusuluhisha mizozo ya kikatiba iliamua kwamba wafungwa wana haki ya kushiriki, na wakashiriki. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2017 wakamchagua rais katika vituo vilivyofunguliwa ndani ya magereza. Mfungwa alipelekewa sanduku la kura kwa sababu dola inajua analala wapi usiku. Raia ambaye hana kosa lolote, ila hana paa, angali anangojwa aje mwenyewe.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba hata anapolala asiye na paa panaweza kujulikana. Huko Marekani, mahakama ya rufaa ya California ilikubali mwaka 1985, katika kesi ya Collier dhidi ya Menzel, kwamba bustani ya umma mjini Santa Barbara inaweza kuwa makazi ya mpigakura, na fomu ya kitaifa ya usajili wa kura kwa posta inampa mwombaji asiye na anwani nafasi ya kuchora ramani ya anapoishi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000 inayomruhusu mtu wa aina hiyo kutoa tamko la uhusiano na eneo fulani. Mfano unaoigusa Kenya kwa karibu zaidi, hata hivyo, ni wa India, taifa ambalo nalo lina umaskini, na ambalo wingi wake wa watu unaushinda wa Kenya mbali sana. Huko afisa wa kituo cha kupigia kura huagizwa kwenda usiku mahali ambapo mwombaji amesema analala, na kurudi usiku mwingine, ili ajionee mwenyewe. Akishathibitisha, hakuna hati ya makazi inayodaiwa. Utaratibu huo unastahili sifa kwa kuwa umeuhamisha mzigo wa kuthibitisha kutoka kwa maskini na kuutwika mabegani mwa mtumishi wa umma anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Kenya haihitaji kubadilisha katiba ili ifanye hivyo. Kifungu cha 83 kinaagiza kwamba mipango ya usajili na ya uchaguzi ilenge kumrahisishia raia anayestahili, wala isimnyime haki yake, na Kifungu cha 14 kinamchukulia mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 na ambaye wazazi wake hawajulikani, kuwa raia wa kuzaliwa. Kinachokosekana ni kanuni zinazokubali ushahidi wa wale wanaomfahamu mtu wa mtaani kwelikweli: msimamizi wa makao ya watoto, afisa wa ustawi wa jamii, imamu au padri anayewalisha, hata mwenye kibanda ambaye kwa miaka mingi amemwona akilala mbele ya biashara yake. Hofu ya udanganyifu ina jibu tayari, kwani alama za vidole humtambulisha mtu bila kujali anwani.

Kukosa kura kuna athari zinazoonekana. Vijana wa mitaani hukodiwa kujaza mikutano ya siasa na kusababisha vurugu, kisha viongozi waliochaguliwa huwahesabu kuwa uchafu wa mji. Mwezi Februari 2019 iliripotiwa kwamba watoto na vijana waliondolewa Nakuru usiku na kutelekezwa karibu na msitu wa Chemususu katika kaunti ya Baringo, tendo ambalo ni vigumu kulifikiria likifanyiwa mtaa wenye wapigakura wanaojulikana idadi yao.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kwa kuwa usajili husitishwa kabla ya siku hiyo, na kitambulisho sharti kiutangulie usajili, na cheti cha kuzaliwa kikitangulie kitambulisho, kijana wa mtaani atakayeanza kutafuta cheti wakati kampeni zimepamba moto atakuwa amechelewa. Kazi ya kumfikia inawaangukia kwanza maafisa wa usajili wa vizazi, kisha wale wa vitambulisho, na tume ya uchaguzi mwishoni, na haitatimia kwa wakati ikiwa kila ofisi itangoja nyingine ianze.