JE, WAJUA? Jina Lililozuia Wizi

Je, wajua kwamba zamani kampuni za Uingereza zilichapa majina yao juu ya stempu ili zisiibwe? Stempu safi iliuzika kama pesa taslimu. Iliyochapwa jina la kampuni, nani angethubutu kuinunua?

Oxford Union Society, chama cha mdahalo, kilianza kuchapa stempu zake 1859 kwa herufi O.U.S. Mwaka 1868 mtu aitwaye Joseph Sloper akaleta njia kali zaidi: herufi za vitobo kwenye stempu, zisizofutika kabisa!

Tangu 1881 stempu ileile ya peni moja ilibandikwa kwenye barua na kwenye risiti. Ndiyo maana majina mengi ya kampuni hukutwa kwenye risiti. Ukiikuta stempu kama hiyo huko, usiibandue. Saini na tarehe zilizoandikwa juu yake ndizo ushahidi wa matumizi yake.